Shajara ya mradi: hifadhidata ya jumba letu dogo la historia, Lamu

11 Januari 2025

Naiandikia shajara hii yeyote mwenye chumba cha vitu vya kale anayetaka vionekane mtandaoni bila kuajiri kampuni. Tuko watatu: mimi niliye mwalimu mstaafu, kijana mwenye duka la saiba mtaa wa Langoni, na mwanafunzi wa chuo kutoka bara aliyekuja kwa mazoezi ya kazi. Jumba ni nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, vyumba vitatu na stoo. Hatuna siwa, lile baragumu kubwa la sherehe. Anayetaka kuona siwa ya pembe ya Pate au ile ya shaba ya Lamu aende Makumbusho ya Lamu pale ufukoni. Kwetu kuna vyetezo, mbuzi za nazi, vinu, mitungi, kofia, misahafu, vyombo vya mafundi wa majahazi, na madebe matatu ya vigae vya sahani za Kichina na za Kiajemi walivyookota watoto Siyu na Takwa miaka mingi iliyopita.

Leo tumehesabu. Daftari la kupokelea lina mistari 412. Kwenye rafu tumekuta vitu 388, na 29 kati ya hivyo havina namba yoyote. Kwa hiyo vyenye namba ni 359, na mistari 53 ya daftari haina mwenyewe. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu kwamba tutaanza na kompyuta wiki ijayo. Nimeifuta ahadi hiyo.

Gharama: chai na mahamri.

2 Februari

Tumelinakili daftari lote kwenye Excel, mimi nikisoma na mwanafunzi akiandika. Siku tano. Siku ya sita tukaona chetezo na kigae cha bakuli la kijani vyote vinaitwa 1998.1.

Nilimlaumu aliyeandika daftari, naye ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nikarudi kwenye karatasi. Mwandiko wake ni safi kabisa: chetezo ni 1998.1, kigae ni 1998.10. Kosa ni la kompyuta. Ukiandika 1998.10 yenyewe huona ni namba ya hesabu yenye nukta, na katika hesabu sifuri ya mwisho haina maana, basi huiondoa kimya kimya. 1998.20 ikawa 1998.2, na 1998.30 ikawa 1998.3. Tumepata mistari 33 iliyoharibika hivyo. Na mahali ambapo mwandishi wa zamani aliandika kwa mkwaju, kama 3/12, Excel imegeuza kuwa tarehe tatu Disemba.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, kabla ya kuandika herufi moja, chagua safu nzima ya namba na uiambie kwamba ni maandishi. Ukifanya hivyo baadaye haisaidii, sifuri ikishakwenda imekwenda. Pili, tumeweka herufi mbele na tarakimu tatu nyuma: JM.1998.010. Hakuna programu itakayoidhania namba hiyo kuwa hesabu wala tarehe, na ukizipanga zinakaa kwa mfuatano. Namba ya zamani hatukuitupa. Ina safu yake, vilevile kama ilivyo kwenye daftari, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa chini ya kitu chenyewe.

Tukairudia kazi yote. Siku tano nyingine.

23 Februari

Sasa safu zenyewe. Nilikuwa nimechora mpango wa safu 46, nikijivunia kwamba sijasahau kitu. Tukajaribu vitu kumi. Kila kimoja kilichukua kama dakika 40. Mwanafunzi akapiga hesabu ubaoni: 388 mara 40, karibu saa 259. Sisi tunafanya kazi alasiri mbili kwa wiki, saa sita kwa jumla. Wiki 43. Yeye anaondoka Juni.

Ndipo nikasoma vizuri kuhusu Object ID, kiwango kilichotolewa mwaka 1997 ili kitu kikiibwa polisi wa nchi yoyote waweze kukitambua. Sasa kinasimamiwa na ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho. Kinauliza machache: picha, aina ya kitu, malighafi na ufundi, vipimo, maandishi na alama, dosari zinazokitofautisha na ndugu zake, jina, mada, wakati kilipotengenezwa, aliyekitengeneza, na maelezo mafupi.

Wanaodhani jambo la wizi liko mbali nasi wakumbuke vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa kwa familia moja ya Wamijikenda vilirudi kutoka makumbusho ya Marekani. Vilitambuliwa kwa sababu mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mwenye vigango akiwa navyo mwaka 1985. Picha moja tu. Bila picha hiyo wangebaki na neno lao dhidi ya neno la mwenye duka la sanaa.

Tumekata hadi safu 18. Dakika 14 kwa kitu, karibu saa 90, wiki 15. Inawezekana.

Safu ambayo watu wengi huiacha, nasi tulitaka kuiacha, ni ya dosari. «Mtungi wa udongo, mdomo mwembamba» ni mitungi yote ya Lamu. «Mtungi wa udongo, umemeguka mdomo upande mmoja upana wa kidole gumba, una alama ya moto tumboni» ni mmoja.

Machi, Ramadhani

Kazi ya kuinama na kubeba imesimama. Baada ya tarawehe tulikuwa tunakaa barazani na orodha ya majina, na hapo ndipo tulipojifunza zaidi kuliko miezi miwili ya stoo.

Ilianza na mbuzi. Mwanafunzi wetu, kwa nia njema, alikuwa ameziweka mbuzi zetu nne kwenye kundi la «Wanyama». Bibi wa nyumba ya pili, anayeleta kahawa, alicheka hadi akashika nguzo. «Mjukuu wangu, mbuzi huyu hali majani. Hula nazi.» Kijana aliona haya, lakini mimi nilimshukuru, maana mtu wa bara au mgeni atakayeisoma hifadhidata yetu atakosea vilevile. Tangu siku hiyo hatuandiki jina peke yake. Tunaandika «mbuzi ya nazi» na kazi yake kwa sentensi moja.

Halafu majina mawili kwa kitu kimoja. Tulikuwa na kifuko cha ukindu cha kuchujia tui. Daftari linasema kung'uto. Bibi anasema kifumbu. Nilitaka kuchagua moja lililo «sahihi» na ualimu ukanipanda kichwani. Kijana wa saiba akaniuliza, «Mwalimu, anayetafuta atajuaje umechagua lipi?» Sikuwa na jibu. Kwa hiyo tuna safu tatu za jina: jina la hapa, jina sanifu, na majina mengine. Zote hutafutwa pamoja.

19 Aprili

Masika yameanza, na stika zimeanguka.

Namba za muda tulikuwa tumeziandika kwenye stika za karatasi za dukani. Januari, kwenye jua, zilishika kama gundi ya seremala. Leo asubuhi nimekuta sakafu ya stoo imetapakaa stika kama karatasi za harusi. Unyevu na chumvi ya bahari. Vitu 61 vimepoteza namba, na ni bahati tulikuwa tumeshavipiga picha.

Bahati hiyo nayo ilikuwa nusu. Picha 140 za mwanzo tulizipiga kwa simu bila kuweka namba ndani ya picha, tukitegemea kukumbuka mfuatano. Mtu mmoja alipokatiza na kupiga picha ya paka wa stoo, mfuatano wote ukasogea kwa moja. Kwa siku mbili kila kofia ilikuwa na picha ya kofia ya jirani yake. Sasa kila picha ina kadi ndogo yenye namba na rula ya sentimita, na ya kwanza ya kila kitu haikatwi pembe hata ikiwa mbaya.

Kuweka namba kwenye kitu kwa kudumu kuna adabu yake. Waliotutangulia waliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kawa, na wino umenywewa na ukili, hautoki tena. Kwa udongo na chuma tunapaka tabaka jembamba la Paraloid B-72, aina ya vanishi angavu, mahali pasipoonekana, linakauka, tunaandika kwa wino mweusi, tunapaka tabaka la pili. Likitakiwa kutolewa linatoka kwa asetoni na kitu kinabaki salama. Kwa nguo na kofia tunashona kipande cha utepe wa pamba kwa mishono miwili mirefu. Kwa mikeka na makawa, kadi na uzi. Usitumie rangi ya kucha. Tulikuwa tumeambiwa ni sawa, lakini hugeuka manjano na kubanduka.

Gharama: stika zilizopotea bure, shilingi 350. Paraloid na asetoni pamoja na usafiri, 4,900. Utepe na uzi, 450.

10 Mei

Picha tena, kwa ufupi. Flashi ya simu juu ya sahani ya Kichina hutoa doa jeupe katikati ya ua. Tumeizima. Taa mbili za LED, moja kila upande, zimefunikwa kwa karatasi nyeupe. Kitambaa cha nyuma ni cha kijivu kutoka kwa fundi cherehani. Tulijaribu leso, lakini jicho la msomaji hukimbilia kusoma jina la leso kabla ya kuona kitu.

Kigae cha seladoni, kile cha kijani cha majimaji kama bahari ya kina kifupi, kilitoka buluu kila mara. Nilidhani ni simu. Ni taa: za bei rahisi zina weupe wa kibuluu. Tukaweka kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza ya kila siku, na rangi ikarekebishwa kwa kuilinganisha nayo.

Jambo la mwaka limetuaibisha zaidi. Mwishoni mwa msahafu mmoja mwandishi ameweka mwaka 1312. Mwanafunzi akaandika «1312, karne ya 14». Nikapita juu yake bila kushtuka. Maalim wa madrasa ndiye aliyeinua kichwa: «Mwalimu, karne ya kumi na nne ni kweli. Lakini ya nani?» Ya Hijria. Mwaka 1312 Hijria ulianza Julai 1894 na kuishia katikati ya 1895. Tulikuwa tumeuzeesha msahafu huo kwa miaka 580 hivi, na ubaya wake ni kwamba maneno «karne ya 14» yalikuwa sahihi.

Sasa mwaka una safu mbili. Moja inanakili kilichoandikwa kwenye kitu, pamoja na kalenda yake. Ya pili ni tafsiri yetu kwa Miladia, nayo huandikwa 1894/95 kwa sababu mwaka wa Hijria hukaa ndani ya miaka miwili ya Kizungu. Kisichojulikana mwaka tunaandika «kabla ya 1960, kwa kauli ya mtoaji». Hatuachi wazi, wala hatubuni.

Gharama: taa 3,600, kishikio cha simu 1,800, kitambaa 700.

7 Juni

Programu. Tulitazama mbili, zote huria, hazilipiwi. CollectiveAccess ina nguvu, lakini kuisanidi kulimla kijana wa saiba wiki nzima na bado alikuwa anauliza maswali ambayo sisi hatukuwa na majibu yake. Omeka, iliyotoka Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, ilisimama kwa siku moja. Inaanza na vipengele 15 vya Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha kuelezea vitu, na unaongeza vya kwako. Jumba lenye wafanyakazi na mikopo mingi ya vitu huenda likahitaji ile ya kwanza. Sisi hatuhitaji.

Kuingiza faili kulikwenda vibaya mara mbili. Mara ya kwanza kila neno la Kiarabu liligeuka alama za kuuliza, kwa sababu faili halikuhifadhiwa kwa UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote. Hilo ni la dakika tano. La pili si la dakika tano.

Faili tuliloingiza lilikuwa lile lile kubwa, na ndani yake kulikuwa na safu ya watoaji: majina, namba za simu, na wengine namba za kitambulisho. Tuliita tovuti hiyo «ya majaribio» tukadhani neno hilo linatosha kuifunga. Siku ya pili binamu yangu aliyeko Mombasa akanitumia picha ya skrini: jina la shangazi yetu, simu yake, na furungu zake mbili za fedha (bangili za miguuni), na chini yake «kabati la 3, rafu ya juu». Nilihisi damu imenishuka miguuni. Tulizima tovuti kabla ya adhuhuri. Nilikwenda kwa watoaji waliomo Lamu nyumba kwa nyumba, na walio mbali nikawapigia. Wengi walisema si neno. Mmoja hakusema hivyo, na ana haki.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo na tulikuwa tumeisoma. Kusoma hakukutusaidia, kwa sababu kinga yetu ilikuwa kukumbuka kuficha safu. Sasa ni mafaili mawili tofauti. La ndani lina mtoaji, sharti alilotoa, thamani na mahali kitu kilipo. La nje halina safu hizo kabisa, na ndilo pekee linaloingizwa. Kinachounganisha mafaili ni namba ya kitu.

Tumeficha pia mahali hasa vigae vilipookotwa. Kwa umma tunaandika «kisiwa cha Pate» au «kisiwa cha Manda» basi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa, na kuchimba kunahitaji leseni, lakini anayetafuta hazina usiku kwa jembe hasomi sheria.

Gharama: seva na jina la tovuti kwa mwaka, 7,800.

21 Juni

Stima imekatika na kurudi mara tatu kwa jioni moja. Chaja ya laptopu imeungua (3,500), na flashi iliyokuwa na picha za wiki nzima haifunguki tena (900). Picha zenyewe zilikuwa bado kwenye simu. Nimenunua kinga ya umeme (1,500) na diski mbili za nje (13,000). Moja inakaa jumbani ndani ya kopo la biskuti lenye vifuko vya kunyonya unyevu, nyingine kwangu Langoni, na zinabadilishana kila Ijumaa. Kopi ya tatu iko mtandaoni.

5 Julai

Tovuti imefunguliwa tena tarehe mosi. Vitu 380 vina namba zake: 359 vya mwanzo, na 21 kati ya vile 29 tulivyofanikiwa kuvioanisha na daftari kwa maelezo na vipimo. Vinane vina namba ya muda yenye herufi T. Mistari 32 ya daftari bado haina kitu. Hatukuifuta. Kila mmoja umeandikwa «hakijaonekana, Julai 2025». Picha za umma tumezipunguza hadi pikseli 1,200 upande mrefu, maana hapa watu hufungua kwa simu na kwa bando lao wenyewe.

Tatizo nililokuwa silitarajii ni kutafuta kwenyewe. Bibi alimwambia mjukuu wake aandike «vyetezo». Majibu: hakuna. Tuna vyetezo tisa! Lakini kila kimoja kimeandikwa «chetezo». Programu hizi zimezoea Kiingereza, ambako wingi hukaa mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilisha kichwa: mchi na michi, kinu na vinu, ufunguo na funguo, jiko na meko. Kijana wa saiba akasema tutafute kwa kipande cha neno. Tukaandika «tezo». Ikaleta vyetezo vyote tisa, na pamoja navyo tezo mbili za kuchongea mbao, za mafundi wa majahazi.

Kwa sasa tunajaza wingi wa kila jina kwa mkono kwenye safu ya majina mengine. Majina yenyewe hayazidi 90, kazi ya alasiri mbili. Anayeanza leo afanye hivyo tangu mstari wa kwanza.

Jumla hadi leo, pamoja na bando la miezi sita (6,000): shilingi 44,500.

Mwanafunzi ameondoka na boti ya asubuhi kwenda Mokowe. Ameniachia orodha ya makosa aliyoyaona na hakuwahi kuyarekebisha, kurasa mbili. La kwanza: JM.1987.004, «kiti, miguu minne». Nimekwenda kukihesabu. Ni mitatu, na wa nne uko ndani ya debe la vigae, una namba ya T.